Ua la Mukuba

Ukitoka Lubumbashi kuelekea Likasi na Kolwezi, utaona pori la miombo pande zote mbili. Lakini fasi fasi pori linakatika: kuna kilima bila miti, majani mafupi tu. Wageni wanafikiri watu walikata miti kwa kuchoma makala. Hapana. Miti haiotake pale tangu zamani, sababu udongo uko na mukuba mingi, na mukuba ikipita kipimo ni sumu kwa mizizi.

Pale ndiyo fasi ya ua la mukuba. Jina lake la sayansi ni Haumaniastrum katangense. Ni mumea mudogo wa mwaka mmoja, jamaa moja na lumba-lumba. Mwisho wa mvua, kunako mwezi wa nne na wa tano, linatoa vichwa vidogo vya rangi ya bleu na violeti, vingi pamoja, mpaka udongo wote unageuka rangi.

Ua hili halifichi siri. Wenye kutafuta mukuba waliliangalia kwanza kabla ya kuchimba. Miaka ya 1970 na 1980 wenye elimu walilifuata pia kwa kutafuta fasi ambapo wazee wa zamani waliyeyusha mukuba. Walipata kweli: pale tanuru zilipokuwa, udongo ulibaki na mukuba, na ua likaota palepale, hata kama wafuaji wale wamelala karne nyingi. Katanga ilijulikana kwa misalaba ya mukuba, na mitatu iliwekwa kwenye bendera yake mwaka 1960. Hata leo ua linaota kandokando ya barabara, fasi makamyo yanaangusha vumbi ya madini.

Lakini fasi linapoonyesha, ndiyo fasi mashini inakuja. Ua hili lina bahati, linajua kuhamia. Mengine hayajui. Kuna aina zaidi ya 30 za mimea zinazoota paka juu ya vilima vya mukuba vya kwetu, si fasi ingine duniani. Kilima kikikatwa, zitaenda wapi?

Mimi sisemi kama mutu wa mbali. Kaka yangu mukubwa anachimba kwa mikono, na minerval yangu inatoka kwa mufuko anaobeba mgongoni. Siwezi kumwambia: «Yaya, acha kilima juu ya maua.» Mama angeuliza tutakula nini. Siku moja nilimuuliza kama analijua ua lile. Akajibu: «Tunalijua sana. Likiwa mingi, tunafurahi.» Neno hilo linanisumbua mpaka leo, sababu furaha yake na mwisho wa kilima ni kitu kimoja, na mimi ninakaa kalasini kwa furaha ileile.

Basi ninaona jambo moja ambalo halimunyimi mutu chakula. Kabla ya kilima kukatwa, mbegu ziokotwe wakati maua yamekauka, na udongo wa juu uwekwe kando, usifunikwe. Nimeomba yaya aniletee bahasha ya mbegu za mimea isiyojua kuhamia, pamoja na ndoo ya udongo wa palepale, tujaribu nyuma ya kalasi. Amekubali. Mwenye kaka ao baba kwenye chimbo, aombe vilevile.

Mwanafunzi wa 5 Bio-Chimie