Mavi ya Chuma

Mwaka jana, yapata mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya mavuno, tulikuwa darasani katika shule yetu huku milimani Usambara, tukifundisha habari za reli. Tukawaeleza watoto ya kuwa Wadachi walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kisha tukaongeza neno tusilolipima: tukasema kwamba chuma kililetwa kwetu na reli hiyo.

Kesho yake mtoto mmoja akaja na jiwe jeusi, zito, lenye matundu kama andazi lililovunjwa, aliloliokota shambani kwao. Akatuuliza ni kitu gani. Hatukujua. Akalipeleka kwa mzee mmoja mhunzi, jirani yetu, naye akacheka, akasema, "Haya ni mavi ya chuma. Mwalimu wenu hayajui?"

Basi tuliona haya, na haya hiyo ikatutia kusoma. Tukasoma ya kuwa kwa jirani zetu Wapare, ukoo wa Washana ulijulikana tangu kale kwa kazi ya chuma; tena huko Ugweno ndio waliotawala, hata Wasuya walipowapindua. Watu walichota mchanga mweusi vijitoni, wakauosha hata ukabaki ule mzito tu, wakaupika kwa makaa tanurini, mivukuto ikivuma. Majembe ya Upare yalifika hata Uchaga.

Tukasoma na habari za Buhaya, nazo zilitushangaza zaidi. Mwaka 1976 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliwaomba wazee wa huko wajenge tanuri kama walivyojenga baba zao. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miaka mingi, kwa kuwa majembe ya Ulaya yalipatikana kwa urahisi. Walakini wazee walikuwa wakikumbuka. Walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakajenga juu yake kwa udongo wa kichuguu. Mabomba ya udongo yaliingia ndani kabisa ya moto, hata upepo wa mivukuto ukapata joto kabla ya kuyafikia makaa. Twaomba msomaji alifikiri neno hilo la upepo. Katika nchi hiyo zimefukuliwa tanuri zenye umri wa miaka 1,500 na zaidi.

Tukamwendea mchungaji, tukaomba mhunzi wetu afue chuma kiwanjani siku ya mavuno. Wazee wawili wa kanisa wakakataa, wakisema nyundo ya mhunzi ina laana. Hofu hiyo si ngeni: Upare na Uchaga pia watu waliiogopa. Tukawakumbusha habari iliyomo katika kitabu cha kwanza cha Samweli, jinsi Waisraeli walivyokosa wahunzi, wakawa hawana budi kuwashukia Wafilisti ili wanolewe majembe yao. Mmoja akakubali. Wa pili hakuja, wala hatumlaumu.

Siku ilipofika, baada ya ibada, watoto waliikokota sumaku kwa uzi katika mchanga wa kijito, ikatoka na ndevu nyeusi, akina mama wakacheka sana. Kisha mzee akachuchumaa penye makaa. Vijana walivukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi kwa zamu, hata jasho likawatoka, na kipande cha springi ya gari kikawa chekundu. Akakifua kikawa mundu. Mundu huo ukauzwa mnadani pamoja na makabichi na mahindi ya sadaka. Mzee akauliza umekwenda kwa bei gani, tulipomwambia akakunja uso, akasema, "Mimi sijapata kulipwa hivyo."

Yule mtoto wa jiwe akamkaribia, akamwuliza, "Babu, lini utatuonyesha kupika mchanga uwe chuma?"

Mzee akanyamaza kitambo. Akajibu kwamba aliyejua kazi hiyo ni babu yake. Yeye tangu ujana wake amefua vyuma vya magari tu. Tukatoa daftari ili tuyaandike hayo machache aliyoyasikia.

"Andika vema, Mwalimu," akasema, "ya kuwa mimi nalisikia tu, sikuona."

Tukaandika hivyo.