Picha Ndogo Isiyo na Uso

Watu wengi hudhani ya kuwa picha istahiliyo kutundikwa ukutani ni lazima ionyeshe mtu mkubwa, au vita, au mlima. Mimi ninayo moja ndogo, upana wake kama daftari la shule, nayo haionyeshi ila mwanamke aliyeinama mezani akimenya viazi. Bakuli ni la samawati, meza ni ya manjano, na palipo uso pana doa tu la hudhurungi. Kila rangi imezungukwa na mstari mweupe.

Picha za namna hii zilianza katika mji wa Provincetown, Marekani, kati ya mwaka 1915 na 1916. Wajapani, mabingwa wa zamani wa kazi hii, walichonga mbao nyingi kwa picha moja, kila rangi na ubao wake. Bwana B. J. O. Nordfeldt, mzaliwa wa Sweden, alitumia ubao mmoja tu. Alichimba mfuo mwembamba kati ya sehemu na sehemu. Karatasi hushikizwa ukingoni mwa ubao, sehemu moja hupakwa rangi, kisha karatasi hulazwa na kusuguliwa mgongoni, aghalabu kwa kijiko. Ndipo huinuliwa, ikafuata rangi ya pili. Mfuo haupati rangi. Ndio ule mstari mweupe. Kwa hiyo ni shida kupata nakala mbili zilizo sawasawa.

Mke wangu haipendi. Asema mtu asiye na uso si mtu. Nami humwonyesha picha ya pekee tuliyo nayo ya marehemu mama yangu, ile ya kitambulisho. Macho ameyakodoa, midomo ameikaza, kama aliyeitwa shaurini. Uso upo wote, lakini mama hayupo. Mimi nilimjua akiwa ameinama juu ya ungo, akichambua maharagwe na kunisikiliza nikisoma, bila kuniinulia macho. Katika doa lile la hudhurungi namwona.

Mke wangu hujibu kwamba watoto hawatamjua bibi yao kwa doa. Neno hilo ni la haki, wala sina la kulipinga. Basi tumezitundika picha zote mbili pamoja, na mtoto akiuliza, mmoja humwonyesha uso, na mwingine humweleza habari za ungo.

Ndugu msomaji, ikiwa mama yako yu hai, usingoje siku ya nguo mpya. Mpige picha akiwa kazini mwake.