Kabla ya kutoa dola zako: programu tuliyoanza kuitengeneza Baraka

Leo sileti habari ya mkutano wala ya barabara. Nawasimulia jambo lililoanzia nyumbani kwangu.

Mtoto wa dada yangu alikuwa akisoma mambo ya kompyuta huko Uvira. Vita vilipokatiza masomo, alifika kwangu na begi moja na kompyuta ndogo yenye ufa kwenye kioo. Siku ya tatu akanikuta nimekasirika. Nilikuwa nimenunua pawabenki sokoni, imeandikwa mAh 20,000, nikidhani itanifikisha Fizi na kunirudisha, telefone na kinasa sauti vikiwa na moto. Ilijaza telefone mara moja tu, ikafa.

"Mjomba, mbona hukulinganisha kwanza?"

Nilinganishe na nini? Butiki nne, maboksi manne, na kila boksi linajisifu lenyewe.

Basi akaanza kutengeneza programu ya telefone ya kulinganisha vyombo vya umeme kabla ya kununua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri kweli: telefone mbili ubavu kwa ubavu, kamera, kumbukumbu, prosesa, kama ilivyo kwenye GSMArena, ile tovuti ambayo vijana wanaijua. Tukampelekea jirani yetu, mama mmoja aliyeshuka kutoka nyanda za juu na watoto wanne. Alikuwa amekusanya pesa ya telefone kwa kupalilia mashamba ya watu, kwa kuwa mume wake alibaki upande mwingine na hana njia nyingine ya kujua kama yuko hai. Aliangalia kioo kwa muda, akamrudishia kijana.

"Mtoto wangu, hii inashika radio? Nikiitia moto Jumatatu, itafika siku gani? Kioo kikivunjika, kuna fundi hapa anayekiweza?"

Hakuna hata swali moja kati ya hayo lililokuwa na jibu kwenye ukurasa wetu. Usiku ule prosesa ilifutwa. Kamera ikashushwa chini kabisa, ingawa kijana alibisha sana juu ya hiyo kamera.

Bei ndiyo iliyotuchosha. Hapa bei moja inasemwa kwa dola, nyingine kwa franka, na zote zinabadilika mashua ikichelewa ziwani au barabara ya Uvira ikifungwa. Tukakubaliana tusiandike bei ya kitu, bali bei iliyolipwa, pamoja na tarehe, ili msomaji mwenyewe aone kama ni ya jana au ya miezi sita iliyopita.

Halafu lilikuja jambo ambalo sidhani watengenezaji wa Ulaya hulifikiria. Kijana alikuwa ameweka ramani: butiki gani ina telefone ngapi. Mfanyabiashara mmoja akatuita pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, mnataka waje kwangu usiku?" Nilikosa la kujibu. Katika eneo ambalo watu wenye silaha ni wengi kuliko taa za barabarani, orodha ya nani ana mali ni zawadi kwa mwizi. Ramani tukaiondoa siku ileile, na majina ya butiki pia. Mfanyabiashara mwingine alitaka kinyume: atulipe ili telefone zake ziwe juu. Najua programu nyingi za namna hii duniani huishi kwa pesa ya wauzaji. Lakini yule mama angejuaje kwamba nafasi ya kwanza imenunuliwa?

Sehemu ninayoipenda ni ile ya kupima uongo wa boksi. Pawabenki nyingi zina ndani betri za mviringo ziitwazo 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: upana milimita 18, urefu 65. Moja ina uzito wa gramu 45 hivi, na hata iliyo bora haivuki sana mAh 3,500. Kwa hiyo betri zenye maandishi 9,900 ni maneno tu. Kufika 20,000 unahitaji kama sita, yaani gramu 270 kabla hujahesabu ganda. Tuliipeleka yangu kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ndogo. Gramu 130. Alicheka mpaka akajifuta machozi. (Wako wanaojaza mchanga ili kitu kiwe kizito, kwa hiyo mizani haikamati kila mwongo.)

Plaki ya jua nayo ina hesabu yake. Jua likiwa utosini, mita moja ya mraba ya plaki nzuri hutoa wati 200 hivi. Plaki yenye ukubwa wa daftari la shule lililofunguliwa haiwezi kufika hata wati 30, ingawa nyuma imeandikwa 50. Na kwa telefone, bonyeza *#06#: namba 15 zitakazotokea zilingane na zile za kwenye boksi. Zisipolingana, rudisha pesa mfukoni.

Programu haihitaji rezo, na ni ndogo ya kutosha kupitishwa kwa Bluetooth kutoka telefone hadi telefone. Tunataka isome maswali kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kibembe, kwa maana wengi watakaoitumia hawasomi. Kibembe bado hatujarekodi. Kijana anataka sauti yangu, mimi nataka sauti ya mama mzee.

Jirani yetu mwishowe hakununua ya kioo. Alichukua telefone ndogo ya vitufe inayoshika radio bila waya wa masikioni. Ijumaa alipita nyumbani kutuambia kwamba imekaa siku nne, na radio kila jioni. Kijana akaandika: siku nne, na tarehe. Kuhusu mume wake, namba haijapatikana bado.

"Na tochi," mama akasema akiwa mlangoni. "Andika pia kwamba ina tochi."