Barabara tatu za Bujumbura ambazo hazidai kiingilio



Siku hizi kwenye simu zetu zinapita sana video za barabara maarufu za dunia. Utaona Champs-Élysées ya Paris, karibu kilometa 2, ambayo tangu 2016 inafungwa magari Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ili watu watembee kwa miguu. Utaona vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Utaona pia Abbey Road ya London, watalii wakingojana kupiga picha kwenye kivuko cha watembea kwa miguu. Ni kivuko tu, rangi nyeupe juu ya lami. Lakini mwaka 1969 vijana wanne wa Beatles walipigwa picha wakivuka hapo, ikawekwa kwenye jalada la albamu yao, na mpaka leo watu wanapanda ndege kwenda kukivuka.

Hiyo ya London ndiyo ilinifikirisha. Kumbe ukijua nani alipita mahali, hata lami ya kawaida unaitazama kwa jicho lingine.

Mimi ni mtu wa Uvira, niko Burundi miaka mingi sasa, najitolea na vijana kambini. Mara nyingine nasindikiza wale wanaoshuka Bujumbura kwa matibabu au kwa karatasi. Nimeona kitu kimoja: sisi wakimbizi hatutembei mjini, tunatumwa na shida. Tunashuka kwenye basi, tunaenda ofisini, tunakaa kwenye benchi, tunarudi kwenye basi. Muulize mtu aliporudi kambini ameona nini Bujumbura, atakuambia: "Nimeona foleni." Halafu huyo huyo anakutajia mitaa ya miji ya Marekani anakotumaini kupelekwa siku moja. Anaijua kwa majina. Ile ya hapa alipoishi miaka kumi haijui.

Kwa hiyo leo nawapa barabara tatu. Kiingilio hakuna.

Ya kwanza ni Chaussée Prince Louis Rwagasore, mjini kati. Ni barabara ya mabenki na maduka, watu wengi wanaipita mbiombio. Wewe ipite polepole. Rwagasore alikuwa mtoto wa mwami Mwambutsa wa Nne. Chama chake cha Uprona kilishinda uchaguzi Septemba 1961, akawa waziri mkuu, na tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 29. Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, yeye hayupo. Kuna wengi kwenye kundi letu ambao umri wao uko karibu na huo.

Ya pili iko hapohapo katikati ya mji: Boulevard Patrice Lumumba. Kuna siku nilipita hapo na kijana mmoja wa miaka 17, tumetoka hospitali, basi letu bado. Nilipomtajia jina la barabara akaniuliza: "Yaya, Lumumba huyu ni yule wetu?" Nikamwambia ndiye, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 akiwa na miaka 35. Nikamhesabia miezi: kutoka Januari mpaka Oktoba haikufika hata miezi tisa, nchi mbili jirani zimepoteza viongozi wawili vijana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe sisi tulifika hapa zamani." Nadhani hakuna mafunzo niliyowahi kutoa yaliyomfikia namna ile.

Ya tatu siyo barabara moja, ni avenyu za Buyenzi. Zimenyooka kama mistari ya daftari, na nyingi zinaitwa kwa namba. Mtaa huu ulipangwa wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa bado Usumbura, wakawekwa humo Waswahili. Kiswahili hakijatoka mpaka leo. Utakuta mafundi magari wamelala chini ya injini, misikiti, chai ya maziwa, chapati, na soko la Ruvumera lenye kelele zake. Kirundi chako kikiwa cha kuvunjika, huku hakuna wa kukushangaa. Unasema "Habari ya kazi, mzee?" na unajibiwa kama mtoto wa jirani. Mimi nikichoka kuwa mgeni naenda kunywa chai Buyenzi.

Sisemi kutembea kunaleta chakula. Posho ikipungua, imepungua. Na usitoke bila karatasi yako mfukoni. Mtalii anabeba pasipoti, wewe beba kadi yako na ruhusa yako ya kutoka kambini. Lakini mtu anayeishi mahali kama yuko kwenye chumba cha kusubiri, miaka inapita na yeye hajakaa popote. Nimewaona wengi wa namna hiyo, na wengine wamezeeka.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, niko na ombi dogo. Mkituita mjini kwa semina, mnatutoa kwenye gari mnatuingiza ukumbini, jioni mnaturudisha kwenye gari. Tunashukuru. Ila kwenye ratiba yenu wekeni saa moja ya kutembea kwa miguu. Haihitaji bajeti, inahitaji tu kijana mmoja anayeijua njia. Wapo, na mimi nikiwemo.

Na wewe kijana mwenzangu, ukishuka Bujumbura na basi likachelewa, usikae kwenye benchi. Anza na ya Lumumba.