Safari ya Mute, na kompyuta isiyokiona kioo chake

Mwezi huu ukurasa wetu wa safari unawapeleka mbali kidogo, mpaka Mute. Wale mnaopenda ramani, tafuteni mto Ruvuma, pale Msumbiji inapopakana na Tanzania. Shukeni kusini kidogo mtaona mji wa Palma. Teremkeni tena kwenye njia ya kwenda Mocímboa da Praia, hapo ndipo ilipo Mute.

Tulikuwa wawili, walimu wa kujitolea wa darasa la kompyuta. Mliotuona tukiondoka na mfuko wa nyaya mlituuliza, "Mnaenda kuuza?" Hapana. Kuna mwalimu mmoja wa Mute tuliyemfahamu alipokuwa amekimbilia hapa Nampula wakati wa vita. Baadaye alirudi kwao. Siku moja akapiga simu: "Nyinyi wanangu si mnafundisha kompyuta? Njoni mnisaidie. Kompyuta yangu imekataa kuona kioo."

Tulitoka Nampula alfajiri. Namialo, Namapa, tukavuka mto Lúrio, tukaingia Cabo Delgado. Chiúre, Metoro, Sunate. Kutoka Sunate njia inapanda kaskazini kupita Macomia na Awasse. Hapo hakuna haraka. Unakaa chini ya mwembe unangoja wenye magari waseme leo njia ni nzuri au si nzuri. Sisi tuliokimbia nyumbani kwetu tunakujua kungoja kwa namna hiyo, hatukuhitaji kufundishwa. Tulilala njiani mara mbili.

Kilichotushangaza ni lugha. Kule wana Kimakonde, Kimwani na Kimakwe, lakini Kiswahili kinasikika sokoni kama hapa kambini. Watu wa Palma wamefanya biashara na Mtwara tangu zamani. Mama mmoja alitusikia tukiuliza bei ya mihogo, akacheka: "Nyie mnasema kama redio!" Tukajisikia nyumbani.

Mute yenyewe ni kijiji cha mchanga, mikorosho na mashamba ya mihogo. Vita vya Cabo Delgado vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mute ilishambuliwa mwishoni mwa mwaka 2020, na Palma ikashambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Katika mkoa mzima na majirani zake, kufikia mwaka 2022 waliohama makwao walipita milioni 1. Mwaka 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliirudisha Mocímboa, na kidogo kidogo watu wakaanza kurudi. Tuliona nyumba mpya za udongo zimesimama pembeni ya kuta nyeusi za zile za zamani.

Sasa shida yenyewe. Mwalimu alikimbia na laptopu mgongoni. Alifika Palma, akapanda chombo cha kwenda Pemba, na katika kusukumana kile kioo kikapasuka. Ukiiwasha inaunguruma, lakini kioo ni cheusi. Ndani yake mna daftari la shule la mwaka 2020: majina ya watoto, darasa la kila mmoja, jina la mzazi na namba ya simu. Karatasi za ofisini ziliungua. Watoto wanarudi bila cheti, na mtoto asiye na karatasi anaanzishwa upya. Tulimwona kijana wa ndevu za kwanza kwanza amekaa na watoto wa darasa la 2, magoti yamegusa kidevu. Mama yake alisema, "Huyu alikuwa la 5. Nani atanisadiki?"

Mwalimu alinunua sokoni monita ya zamani ili aiunganishe na laptopu. Ikamwandikia kwamba hakuna mawimbi, kisha ikalala. Akajaribu mwezi mzima.

Umeme tuliupata kwa mwenye duka, kwenye jenereta. Wazazi walichanga petroli lita 2. Maana yake tuna saa chache tu, zikiisha tuagane. Watu walikaa mlangoni kimya, kama wanaongoja daktari.

Tulianza hivi. Kwanza, je, kompyuta ni nzima? Bonyeza kitufe cha herufi kubwa, Caps Lock. Kataa kakiwaka na kuzima, kompyuta iko macho, shida ni ya kuona tu. Kakawaka. Mlangoni wakapumua.

Pili, monita. Taa yake ya kijani inamaanisha inapata picha, ya njano inamaanisha ina umeme lakini haipati picha. Yetu ilikuwa njano. Tukabonyeza kitufe cha kuchagua mlango wa kuingilia, maana monita nyingine zina milango miwili na inaweza kuwa inasikiliza mlango ambao haugongwi. Hapana.

Tatu, kuiamrisha laptopu itoe picha nje. Unashika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na P, halafu unashuka kwa mshale na kubonyeza Enter. Laptopu nyingine hutumia Fn pamoja na kitufe cha juu chenye picha ya kioo. Mwalimu aliandika neno lake la siri gizani bila kuona, tukabonyeza, tukangoja. Hakuna kitu.

Nne, waya. Ulikuwa ule wa zamani wa VGA, kichwa cha buluu chenye skrubu mbili. Tukauchomoa, tukaangalia. Safu tatu za pini, kila safu 5, jumla 15. Tukahesabu: 14! Safu ya kati ina pengo. Tukatazamana. Tukamwambia mwalimu, "Mzee, waya umekufa, pini imekatika. Itabidi tupate mwingine Palma." Mlangoni watu wakaanza kunyanyuka. Jenereta inanguruma, petroli inaisha.

Pale alikuwepo babu mmoja aliyetengeneza redio Mtwara miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Tulikuwa tumempa shikamoo tu na kumsahau. Akasema, "Wajukuu, hebu nione." Akauweka waya juani, akafunga jicho moja. "Hiyo iliyokosekana ni ya 9. Waya nyingi zinatengenezwa hivyo hivyo bila hiyo, si ugonjwa. Lakini tazameni safu ya chini, ya pili. Imelala."

Kweli! Ile pini ya 12 ilikuwa imepinda na kulala chini, nyembamba kama sindano ya kushonea. Sisi tulihesabu pengo, hatukuangalia zilizopo. Aibu ilitupata, lakini tujifunze wote. Pini za VGA hazifanyi kazi moja. Nyingine hubeba rangi: nyekundu, kijani, buluu. Ya 12 na ya 15 ni za mazungumzo: kwa hizo monita huiambia kompyuta, "Mimi ni fulani, upana wangu ni huu." Mojawapo ikikatika, monita ipo mezani na ina umeme, lakini kwa kompyuta ni kama haijazaliwa. Haina kitambulisho. Wasomaji wetu hamhitaji maelezo zaidi hapo.

Babu aliomba kalamu ya Bic, akaitumia kuinyoosha ile pini polepole, bila kulazimisha. Pini ya VGA ukiipinda mara mbili tatu inakatika. Tukazima kila kitu, tukachomeka sawasawa, tukakaza skrubu zote mbili, tukawasha monita kwanza na laptopu baadaye, ili zisalimiane tangu mwanzo.

Taa ikawa kijani. Picha ikaja.

Hatukushangilia sana, maana petroli. Kitu cha kwanza, kabla ya kusoma jina hata moja, tulinakili lile daftari kwenye flashi mbili: moja ya mwalimu, moja ya mwenye duka. Ndipo mwalimu akaanza kusoma majina kwa sauti, na sisi tukayaandika kwa mkono. Yule kijana alikuwemo, darasa la 5. Mama yake hakusema kitu, alifunga khanga vizuri akaenda kumwita. Majina mengine yalisomwa na hakuna aliyeitika. Mwalimu alikuwa ananyamaza kidogo, halafu anaendelea na la chini. Kwa hayo zilibaki namba za simu, na kesho yake wazee walianza kupiga moja moja. Nyingine hazipatikani. Mbili ziliita.

Wazazi, tumewaletea nini kutoka Mute? Kwanza, kompyuta yako isipokiona kioo cha nje, usikimbilie kununua. Angalia kitu kimoja kimoja: umeme, kitufe cha mlango, amri ya Windows na P, halafu waya, pini kwa pini, juani. Kama laptopu ina HDMI tu na monita ina VGA, waya mtupu hautoshi, lazima adapta yenye kifaa cha kugeuza ndani, kwa sababu HDMI hutuma namba na VGA hutaka mawimbi. Na kama picha haipatikani kabisa, kioo kufa hakuui kazi zako: diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine.

Pili, karatasi za watoto. Sisi sote tunajua mtu anakimbia na nini. Cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule, kadi ya chanjo: nakili, weka nakala kwa jirani au ndugu, si zote kwenye mfuko mmoja. Siku ya Jumamosi leteni kwenye darasa la kompyuta, tutazipiga picha na kuwawekea kwenye flashi. Anayekuja na flashi yake ni vizuri zaidi.

Tatu, wazee wakae ndani, si mlangoni. Tungewasikiliza mapema tungeokoa lita 1.

Hadi mwezi ujao, Mungu akipenda.