Uchaji wa Mungu na Woga Mwingine

Sisi wa Bangboka twaishi karibu kilomita 17 kutoka mjini Kisangani, kando ya uwanja wa ndege. Wakubwa hupita juu yetu angani. Sisi twapita chini kwa miguu na kwa baiskeli, na magunia ya makala na mikungu ya ndizi ya kuuza. Kazi yangu hapa ni kufundisha dini watoto wanaojitayarisha kwa Kipaimara. Kila mwaka wajifunza kwa moyo vipaji saba vya Roho Mtakatifu: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Msichana mmoja aliniuliza: “Mwalimu, kama Mungu ni Baba, kwa nini tumwogope?”

Swali zuri. Kiswahili chenyewe chatusaidia kulijibu, maana kina maneno mawili. Nyoka twamwogopa, hatumchi. Askari mlevi mwenye bunduki twamwogopa, wala hakuna aliye mcha askari. Hapa kwetu Kongo twasema tu “kuogopa Mungu”, na hivyo watoto hufikiri Mungu ameshika fimbo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipambanua woga wa mtumwa na woga wa mwana. Mtumwa aogopa kupigwa. Mwana aogopa kumchukiza baba yake na kutengwa naye. Na huo wa mwana haupungui upendo ukizidi, bali waongezeka pamoja nao.

Kitabu cha Mithali na Zaburi husema kwamba hekima yaanzia hapo. Mbona yasianzie kwa akili, au kwa elimu? Mimi naona sababu ni hii: hakuna mtu asiye na woga kabisa. Asiyemcha Mungu ataogopa vitu mia, na kila kimoja kitamtuma kama boi.

Basi tazameni jambo lililotokea karibu nasi. Katika nyumba moja alikufa mtoto mchanga. Mhubiri mmoja wa kupitapita akawaambia wenyeji kwamba kifo hicho kimeletwa na ulozi, na mlozi ni mtoto wa miaka tisa, yatima aliyelelewa humo. Baba wa nyumba ile si mjinga: asoma, aandika, ajua Kifaransa, na hesabu za biashara hazimshindi. Akili anayo. Lakini usiku ule ule alimtoa mtoto nje na kufunga mlango. Woga ulikuwa umekaa kwenye kiti cha Mungu, na elimu yote ikautumikia.

Bibi ya mtoto hakusoma hata darasa moja. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009, inayowalinda watoto, imekataza kumsingizia mtoto ulozi, lakini yeye hakuijua. Alisema tu: “Mungu ataniuliza juu ya huyu.” Akamchukua. Kwa muda wa miezi watu hawakununua sombe lake sokoni, wakisema limeguswa na mikono ya mlozi. Alirudi nyumbani na kikapu kimejaa, wakala sombe wao wawili, asubuhi na jioni. Mtoto yule sasa amemaliza shule ya msingi.

Nikitaka kuwaeleza vijana jambo hili kwa mfano mkubwa zaidi, sihitaji kwenda Roma. Ukishika barabara ya Ituri kutoka kwetu, wapita Bafwasende, wafika Nia-Nia, kisha wageukia kaskazini kwenda Wamba na Isiro. Huko Wamba alizaliwa mwaka 1939 Anuarite Nengapeta, ambaye baadaye alikuwa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akifundisha shuleni. Mwishoni mwa Novemba 1964 waasi wa Simba waliwapakia masista katika lori na kuwapeleka Isiro. Hapo mkuu mmoja wa waasi alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Usiku wa kuamkia Desemba 1 alipigwa, akachomwa, akapigwa risasi. Hakuwa ametimiza miaka 25.

Watu humwita jasiri, na ni kweli. Lakini masista waliokuwa naye walisimulia kwamba aliingiwa na hofu, akawaomba wamwombee. Maneno hayo nayapenda kuliko yote. Hakuwa jiwe. Aliogopa bunduki kama mimi na wewe, ila bunduki haikuwa kitu cha kwanza machoni pake.

Kijana mmoja anayeendesha toleka alinibishia: “Mwalimu, mwenye hekima angekubali, aishi, halafu akaungame.” Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa kati ya waliosikia walikuwamo akina mama, na katika nchi yetu vita imewadhulumu wanawake wengi mno. Nikasema kwanza, tena kwa sauti, kwamba aliyeshikwa kwa nguvu hana dhambi hata chembe. Dhambi ni ya aliyemshika. Kanisa halijafundisha kamwe kwamba mwanamke huyo angepaswa kufa. Asiwepo mtu wa kulitumia jina la Anuarite kumwaibisha dada yake. Yeye aliombwa jambo lingine: aliombwa akubali. Na alikuwa amekwisha kumpa Mungu ahadi yake mwaka 1959.

Wanaosimulia habari zake husema pia kwamba alimsamehe muuaji wake, Kanali Olombe, kabla ya kufa. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa, Agosti 15, 1985, alimsamehe muuaji huyo mbele ya watu wote, kwa jina la Kanisa. Hapo ndipo wajane wetu husikiliza kwa shida. Wako waliofiwa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana siku sita katika mji wa Kisangani, nasi wenyeji tukiwa katikati. Mmoja wao aliniambia kwamba kumcha Mungu ataweza, lakini kusamehe bado. Sikumhubiria. Tulisali rozari pamoja, na Jumapili iliyofuata alikuja tena.