Wazee nao wafike nyumbani

SANDOA, Lualaba – Kila Jumapili baada ya ibada, mwalimu mmoja mstaafu hutoa viti vyake kwenye baraza la nyumba, na majirani wanakusanyika. Wengine ni wenyeji, Walunda na Wachokwe wa hapa. Wengine ni familia zilizofika toka Kasai mwaka 2017, wakati vita vya Kamwina Nsapu vilipochoma vijiji, na hadi leo hazijarudi kwao. Mwalimu anasimulia kwa Kiswahili vitabu alivyosoma kwa Kifaransa. Hakuna anayelipa. Mwenye karanga analeta karanga, asiye nazo analeta masikio.

Jumapili moja alisimulia juu ya mzee mfiwa aliyempenda mjane. Walipanga siku ya ndoa, nguo zikashonwa, kuku wakachinjwa. Usiku wa kuamkia ndoa, mzee akafa. Watu wakaguna kwa huruma, lakini mama mmoja muuza unga wa mihogo, mjane aliyetoka upande wa Luiza, akasimama.

"Mwalimu," alisema, "kila mara wazee wakipendana, mmoja anakufa. Kwani vijana hawafi?"

Watu walicheka sana. Aliyekaa kimya ni seremala mmoja wa kartie hiyo, aliyefiwa na bibi yake miaka minne iliyopita. Wengi walijua sababu. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mabaki ya mbao ya kiwanda chake yamekuwa yakiwasha moto wa jiko moja tu, nalo si la binti zake.

Swali la yule mama halikuwa la mchezo. Hadithi nyingi za mapenzi zinaishia kwenye ndoa ya vijana, na mzee anapewa kazi mbili: kukataa mahari au kutoa baraka. Akipenda yeye mwenyewe, mwandishi anamchekesha au anamzika. Ni kama vile mtu akipita miaka 55 moyo wake unafungwa pamoja na kitabu cha pensheni.

Mwalimu alilichukua swali hilo kama deni. Jumapili iliyofuata alileta kitabu cha Gabriel García Márquez wa Colombia, kilichotoka mwaka 1985, juu ya mapenzi wakati wa kipindupindu. Ndani yake, Florentino Ariza anamngoja Fermina Daza miaka 51, miezi 9 na siku 4. Anamngoja hadi bwana wa Fermina anafariki, na wote wawili wamepita miaka 70. Mwishoni wanapanda meli ya mtoni, na ili wasisumbuliwe na abiria wala mizigo, meli inapandisha bendera ya njano kuonyesha kwamba ndani kuna kipindupindu. Wanapanda mto na kushuka mto, na bwana huyo anataka iwe hivyo maisha yote.

Wenyeji walipiga makofi. Hapa ndipo hatimaye hakuna aliyekufa. Lakini upande wa watu wa Kasai makofi yalikuwa machache. Mama muuza unga alisema kwa sauti ya chini kwamba watu hao wamepata raha, ila hawajapata nyumba. Mtu aliyelala barabarani na watoto, akakataliwa kijiji hiki na kile, anajua maana ya meli isiyoruhusiwa kutia nanga. Yeye hatamani kuzunguka hata kama anazunguka na mpenzi.

Seremala alimwelewa. Mwezi wa tatu mwaka 1977, askari wa FNLC walipoingia toka Angola na kushika Dilolo, Kapanga na Sandoa yenyewe, yeye alikuwa kijana wa miaka 17. Jeshi la Mobutu liliporudi, likisaidiwa na askari wa Moroko, watu kwa maelfu walikimbilia Angola kwa kuogopa kisasi. Familia yake ilikuwa kati yao. Ufundi wa mbao aliujifunzia huko ukimbizini. Kwa hiyo mama wa Luiza alipofika Sandoa na furushi moja, hakuona mgeni. Aliona mtu wa safari yake, aliyechelewa miaka 40. Hata salamu ilikuwa moja, maana kwa Kichokwe na kwa Kiluba cha Kasai watu wanasalimiana kwa kusema "moyo".

Hadithi ya tatu ndiyo iliyomshika seremala. Ni ya zamani sana, ya Wagiriki, juu ya Odysseus aliyekaa miaka 10 vitani na miaka 10 njiani. Anaporudi, bibi yake Penelope haamini kama ni yeye. Anamjaribu kwa kumwambia mtumishi atoe kile kitanda chao nje ya chumba. Odysseus anakasirika, kwa sababu kitanda hicho alikichonga mwenyewe na mguu wake mmoja ni shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Hakisogezwi. Siri hiyo waliijua wao na mtumishi mmoja wa kike tu, na kwa hiyo bibi akajua kwamba bwana wake kweli amerudi.

Seremala aliuliza mambo ya ufundi tu: mti ulikuwa na unene gani, ulikaushwaje ukiwa bado unaishi? Lakini watu waliona amefurahi. Huo ni mwisho mwema wa watu wazima, kujulikana na mtu mmoja bila kujieleza tena tangu mwanzo.

Mzee mmoja Mlunda alikumbusha kwamba hata nchi hii ilianza na mapenzi. Lueji, mwenye bangili ya utawala, alimpenda Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka Uluba, na toka ndoa hiyo wanahesabu utawala wa Mwant Yav ulioko Musumba, Kapanga. Lakini mzee hakuficha sehemu chungu. Kaka zake Lueji walikasirika wakaondoka na watu wao kwenda mbali, na mrithi alizaliwa na mke mwingine, kwa kuwa Lueji hakupata mtoto. Wapenzi wawili wakifurahi, alisema, tazama pia ni nani amehama nyumba.

Na hapo ndipo shida ya kweli ilipo, si kwa Walunda tu. Kijana akioa anaanza familia. Mzee akioa anaingia ndani ya familia mbili ambazo tayari zina mali, makaburi na vidonda. Binti za seremala hawakumchukia yule mama. Waliogopa nyumba, ile ambayo mama yao alibeba maji ya kufyatulia matofali yake. Mtoto wa kwanza wa mjane, anayefanya kazi Kolwezi, aliogopa kitu kingine. Alimwambia mama yake kwa simu: "Mama, ukiolewa huko, nani atarudi Luiza kuonyesha mipaka ya shamba la baba? Na ukifa, utazikwa wapi?"

Maswali haya hayamo katika vitabu vya mapenzi. Lakini yamo katika kitabu kimoja kidogo ambacho mama mwenyewe alikileta barazani, cha Ruthu. Ruthu ni mjane na mgeni, toka nchi nyingine. Boazi si kijana tena, na anamsifu kwa kutowafuata vijana, maskini au tajiri. Usiku wameelewana, lakini Boazi hamchukui usiku. Asubuhi anakwenda kwenye lango la mji, anaita wazee 10, na anamtangulizia nafasi ndugu aliye na haki zaidi yake. Ndugu huyo anapokataa mbele ya mashahidi, ndipo ndoa inapokuwa ndoa. Mama akasema, "Mapenzi yao yalipona juu ya Boazi kutangulia kwenda langoni."

Basi wakatafuta lango lao. Walikutana mbele ya shefu wa kartie, familia mbili, siku moja ya mvua. Mtoto wa Kolwezi alikuja kwa pikipiki akiwa na matope hadi magotini. Walizungumza toka asubuhi hadi bukari la jioni. Walikubaliana kwamba nyumba itabaki ya watoto wa seremala, lakini hakuna atakayemtoa mama humo akiwa hai. Shamba la Luiza litabaki la watoto wa marehemu, na mama atakwenda kuonyesha mipaka siku njia itakapokuwa salama. Juu ya kaburi hawakuelewana. Waliliacha. Kisha waliambiwa waiandikishe ndoa yao kwenye eta sivili, maana Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inatambua ndoa ya kifamilia lakini inataka iandikwe. Kwa mjane, karatasi hiyo ina uzito kuliko pete.

Wako wanaosema hadithi ya namna hii haina utamu, imejaa shamba na karatasi. Lakini waulize waliofukuzwa makwao utamu ni nini. Watakuambia ni kulala bila kusikiliza mlango. Mwandishi anayetaka kuwapa wazee mwisho mwema asiogope kuandika juu ya watoto wazima, madeni na paa linalovuja. Asiwaue ili wasomaji walie, wala asiwaweke melini ili mambo hayo yasiwafikie. Awafikishe nyumbani, awaache wabishane juu ya chumvi.

Kabla ya kuhamia, mama aliulizwa na seremala anataka kitanda cha namna gani. Alikuwa tayari kutengeneza kama cha yule Mgiriki, kizito, kilichopigwa misumari kabisa. Mama alikataa. Alitaka kitanda cha kufunguliwa, vipande vinavyoweza kufungwa kwa kamba na kubebwa na pikipiki moja. Ikibidi kukimbia tena, alisema, safari hii wakimbie na kitanda. Na Luiza ikitulia, kitakwenda nao kuona shamba.

Seremala alifanya kazi siku tisa. Hakutumia msumari hata mmoja.